Majike Waliokonda

Katika shamba lile la kondoo wa mbegu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Kilo, na jina hilo alikuwa amelipata kwa haki. Mpe mwanakondoo amnyanyue kwa mikono miwili, amtikise kidogo kama mtu anayechagua tikiti sokoni, naye atakutajia uzito wake. Ukimtundika mnyama huyo kwenye mizani, utakuta mzee amesema kweli. Wachungaji wenzake walikuwa na msemo wao kuhusu hilo: Kilo hakosei ila kwa kiasi cha mkojo.

Alipima kila kitu. Wageni waliposhuka garini, aliwapima kwa macho. Hata mwenye shamba mwenyewe, mtu mpole aliyependa suruali za kitambaa kizito, alikuwa akipita na Kilo anamnong'oneza aliye karibu, "Bosi ameongeza. Mwezi huu ameongeza sana." Na watu walicheka, kwa sababu alisema kwa sauti ya daktari anayetoa habari mbaya.

Lakini nyumba yake ilikuwa imepoa. Ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya banda la kukatia manyoya, dirisha moja likitazama zizi, jingine likitazama matangi ya maji. Nyuma ya mlango lilining'inia gauni la kazi la kike, rangi yake imepauka mabegani, na kila alipofunga mlango lilimgusa mkono. Hakuliondoa. Kitanda kilikuwa kimebonyea upande mmoja tu, wake, na upande wa pili godoro lilikuwa limefutuka tena taratibu, kama ardhi ambayo haikanyagwi.

Mke wake, ambaye watu wote walimwita Mama Pacha kwa sababu ya wale wavulana wawili aliowazaa siku moja, alikuwa amekwenda mjini kumsaidia binti yao mkubwa aliyejifungua. Alisema anakwenda mpaka mtoto atakapoweza kukaa. Mtoto yule alikaa, akatambaa, akasimama, na sasa anakwenda shule na mkoba mgongoni, na bibi yake hajarudi. Kilo alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni Mama Pacha arudi. Jambo hilo hakuwahi kulitamka kwa mtu yeyote, na kwa Mama Pacha mwenyewe ndiyo kabisa.

Badala yake alituma salamu. Mmoja wa pacha alipokuwa akienda mjini, Kilo alimwambia, "Mwambie mama yako nyumba imejaa vumbi."

Kijana akarudi na jibu. "Amesema ufagie."

Baadaye tena akamtuma, "Mwambie kuku wake wanataga ovyo vichakani."

"Amesema uwale."

Kilo alicheka mbele ya mwanawe, akajitia hamnazo, akaenda kukagua maji ya kondoo yasiyohitaji kukaguliwa.

Aliondoka kwa nini? Ukimuuliza Kilo wakati ule, angekwambia wanawake wakishapata mjukuu wanasahau njia ya nyumbani. Lakini kulikuwa na siku moja ambayo akili yake ilikuwa ikiikwepa, kama mtu anavyolikwepa dimbwi analolijua.

Siku hiyo Jabali, dume la mbegu lililotoka mikononi mwa Kilo, lilirudi kutoka maonyesho ya mifugo na utepe shingoni. Mwenye shamba alifurahi, akaweka meza mbele ya ofisi, akaalika majirani kwa chai na mikate. Pacha wawili walikuwapo, wakati huo ndio kwanza wamemaliza shule, mabega yao kama milango. Mfanyabiashara mmoja wa pumba aliwatazama, akatikisa kichwa.

"Kilo, hawa uliwalisha nini? Wanatisha."

Kilo alikuwa amevimba kichwa tangu asubuhi. Kila mtu alikuwa amemshika mkono. "Mbegu, bwana," akasema, akapiga meza kwa kiganja. "Mtazame Jabali, halafu watazame hawa. Ni damu ya baba. Mama yao alikuwa gunia tu la kubebea."

Watu walicheka. Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na birika mkononi. Naye alicheka, akainama, akajaza kikombe cha mfanyabiashara wa pumba, asimwage hata tone. Mwezi haukuisha kabla hajafunga mzigo wake kwenda kwa binti yake.

Sasa, ili kuelewa yaliyompata Kilo, inabidi kujua jinsi alivyokuwa akifanya kazi yake.

Kila mwaka, wanakondoo walipofikia umri wa kuachishwa kunyonya, walitenganishwa na mama zao. Kwa siku kadhaa shamba zima lilijaa kilio, watoto huku, mama kule, mpaka sauti zikawakauka. Hapo ndipo Kilo alipofanya mambo mawili. Kwanza alichagua madume madogo yaliyo mazito kuliko wenzake, akayaweka kuwa mbegu. Halafu aliwapitisha majike kwenye kichochoro cha mbao, mmoja mmoja, yeye amesimama mwishoni kwenye geti na kipande cha chaki. Jike lililonona, lenye mgongo mpana na manyoya yanayong'aa, alilifungulia upande wa malishoni. Jike lililokonda, uti wa mgongo umechomoza kama kitana, alilichora msalaba kiunoni na kulifungulia upande wa pili, ambako lori la mchinjaji lingelikuta.

"Shamba la mbegu halifugi mifupa," alikuwa akisema.

Hakuna aliyempinga. Ilionekana ni akili ya kawaida. Wageni walipokuja walikuta majike wazuri, wanene, wametulia kama matajiri baada ya chakula, na mwenye shamba alisimama kando yao apigwe picha.

Hata hivyo kitu fulani kilikuwa kikienda mrama, polepole, kwa namna ambayo macho ya kila siku hayaioni. Wanakondoo walikuwa wakipungua uzito. Mwaka mmoja walisema ni mvua. Mwaka wa pili wakasema ni minyoo, wakawanywesha dawa wote. Mwaka wa tatu wakamlaumu yule mfanyabiashara wa pumba, kwamba anachanganya mchanga, na ugomvi ukawa mkubwa hata akaacha kupitia njia ile. Kilo mwenyewe aliamini kuwa damu imechoka. Jabali lilikuwa limezeeka. Akalileta dume jingine, mwana wa Jabali, zito kuliko baba yake katika umri uleule, na mwaka uliofuata watoto wake walikuwa wepesi zaidi.

Ndipo mwenye shamba akamleta daktari wa mifugo. Alikuwa mwanamke kijana, buti za mpira zimempita magoti, mkimya kuliko Kilo alivyotarajia kwa mtu wa chuo. Alizunguka mazizi wiki nzima akishika viwele vya majike kama fundi anayegonga ukuta kusikiliza wapi pana uwazi.

"Daktari, dume ndilo tatizo," Kilo alimwambia. "Mbegu imelegea."

"Huenda ikawa hivyo, Mzee. Sijui bado. Ninataka unisaidie kubadilisha watoto."

"Kubadilisha vipi?"

"Wakizaliwa. Mtoto wa jike hili tumpe lile, wa lile tumpe hili. Tuone atakua kwa damu yake au kwa maziwa ya aliyempokea."

Kilo alicheka. "Damu haiendi popote, Daktari. Ukimhamisha mtoto, na damu yake anahama nayo."

"Ndiyo maana nataka tumhamishe."

Mwaka uliotangulia lori la mchinjaji lilikuwa limeharibika njiani, na mpaka lilipotengenezwa mwenye shamba alikuwa safarini, hivyo majike kadhaa wenye msalaba wa chaki walikuwa wameponea. Mvua iliwafuta misalaba, wakarudi malishoni, wakapandwa pamoja na wenzao. Daktari aliwataka hao. Aliwapanga pamoja na majike wanene wanaokaribia kuzaa siku zilezile, na kazi ya kubadilisha watoto akamwachia Kilo, kwa kuwa hakuna mtu pale aliyeweza kumdanganya kondoo kama yeye.

Na kumdanganya kondoo si mchezo. Jike humjua mtoto wake kwa harufu, na akishamlamba tu, mwingine yeyote atapigwa kichwa. Kilo alisubiri kando, mikono imepakwa maji ya uzazi ya jike linalozaa. Mtoto mgeni alipoletwa, alimpaka maji hayo mwili mzima, akamkunja miguu na kuishikilia ili ayumbe kama ndio kwanza ameanguka duniani, akamsukuma mbele ya pua ya mama. Kisha akarudi nyuma. Jike lilinusa, likasita, likanusa tena. Halafu likatoa ile sauti ya chini, ya kooni, ambayo jike huitoa kwa mtoto wake tu, likaanza kulamba. Lilikuwapo jike moja lenye madoa usoni, miongoni mwa wale walioponea chaki, ambalo halikuhitaji udanganyifu hata kidogo. Lilipokea mtoto wa kwanza, likapokea wa pili, na lilipomaliza kuwalamba liliulamba na mkono wa Kilo mpaka kwenye kiwiko.

"Huyu hana adabu," Kilo alisema, akijifuta.

Majira yakapita. Watoto wakanyonya, wakaruka, wakajifunza kula majani. Kilo aliwaona kila siku, lakini jicho lake lilikuwa limezoea kuwaona watoto kama watoto na majike kama majike, makundi mawili yasiyohusiana. Aliona baadhi ya watoto wananenepa, akafurahi. Aliona baadhi ya majike wanakonda, akaudhika. Yule wa madoa alikonda hata mbavu zake ungeweza kuzigusa moja moja kama nguzo za uzio.

Watoto walipoachishwa kunyonya, daktari alikuwa ameitwa makao makuu kwa shughuli zake. Siku zilezile lori la mchinjaji likaja kama lilivyozoea kuja. Kilo alitafakari kidogo tu. Kunyonya kumekwisha, jaribio limekwisha, ndivyo alivyoona. Alisimama kwenye geti na chaki yake. Yule wa madoa alipofika, alisimama akamnusa mkono. Kilo alimchora msalaba kiunoni, akamsukuma kwa goti upande wa lori.

Daktari aliporudi, mavumbi ya safari bado yako kwenye buti, hakutaka hata chai. "Mzee, tuingie bandani. Nitengee watoto walio bora. Kwa mkono wako, usitumie mizani."

Kilo aliifurahia kazi hiyo. Aliinama, akanyanyua, akatikisa, akaweka kando. Aliponyanyua wa kwanza alitabasamu. "Huyu ndiye. Mbegu ya Jabali hii, mtazame."

"Ulimpa nani?" daktari akauliza.

"Huyu? Nilimpa yule wa madoa."

Akanyanyua mwingine, mzito vilevile. Huyu hakuwa wa ukoo wa Jabali. Baba yake alikuwa dume dogo la kawaida lililokuwa likifugwa kwa ajili ya manyoya tu. Kilo alimgeuza usoni kuhakikisha. Alikuwa akiwajua wote kwa sura.

"Na huyo ulimpa nani?"

"Yule wa madoa," akasema, sauti imepungua kidogo. "Alichukua wawili."

Aliendelea kunyanyua. Daktari hakuuliza tena, na Kilo alianza kujiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, kwanza kwa sauti, halafu midomo ikicheza tu. Huyu nilimpa yule aliyevunjika pembe. Huyu, yule mwembamba wa mguu mweupe. Huyu, mwembamba. Huyu, mwembamba. Kwenye kona ya banda walisimama watoto wengine, miguu myembamba, matumbo makubwa, na miongoni mwao watoto wa ukoo wa Jabali hawakuwa wachache; hao Kilo alikuwa amewapa majike wanene, wale wa kupigiwa picha. Aliweka chini mtoto aliyekuwa mikononi mwake, akabaki ameinama, kama mtu aliyeangusha kitu asichokumbuka ni nini.

"Damu ipo, Mzee, sikatai," daktari alisema polepole. "Wakishakaa muda mrefu wanajilisha wenyewe, itaanza kujionyesha. Lakini huku mwanzoni, ukimpima mtoto unapima alichopewa na mama."

"Na mama anakitoa wapi?"

"Mgongoni mwake. Majani hayatoshi. Akiwa ni mama wa maziwa mengi, anajila mwenyewe." Akaangaza macho nje, kwenye zizi. "Wako wapi? Nataka niwapime na wao, nijue walitoa kiasi gani."

Kilo alijifuta mikono kwenye suruali. "Wamekwenda."

"Wapi?"

"Na lori."

"Wote?"

Kilo aliinamisha kichwa kukubali. Daktari alitoka, akaketi kwenye ukingo wa birika la kunyweshea, akavua buti moja na kukung'uta mchanga uliokuwa ndani, kwa muda mrefu kuliko mchanga wenyewe ulivyokuwa. Hakumlaumu. Ingekuwa afadhali amlaumu.

Kilo alibaki bandani na wanakondoo. Miaka yote ile alikuwa amesimama kwenye geti na chaki. Miaka yote alikuwa akiwatoa wale waliojimaliza kwa ajili ya watoto, na kuwabakiza wale waliowanyima watoto na kunona wenyewe, na mabinti wa hao waliobaki ndio wakawa mama wa kundi. Wanakondoo walipopungua uzito alilaumu mvua, alilaumu minyoo, alimfukuza mtu wa pumba, na kumbe yeye mwenyewe alikuwa akilikausha shamba kwa mkono wake, tone kwa tone, tena kwa fahari.

Halafu, bila kuitwa, ukamjia mwaka wa ukame, pacha wakiwa wachanga. Chakula kilikuwa cha kupima. Mama Pacha alipakua, akampa mume, akampa binti mkubwa, yeye akakaa jikoni na sufuria akikwangua ukoko, mtoto mmoja kulia, mmoja kushoto. Mifupa ya shingo yake ilikuwa imetokeza hata ungeweza kuweka maji katika mabonde yake. Kilo alikuwa amemtungia jina. Njiti. "Njiti, lete maji." Alimwita hivyo mbele ya watu, kwa mapenzi, au ndivyo alivyodhani. Na pacha walinawiri kama vile hakuna ukame. Na kila aliyewasifu, sifa alizipokea yeye.

Aliomba ruhusa, akavaa shati safi, akapanda gari kwenda mjini. Alitaka kubeba chochote, mguu wa nyama, mfuko wa maharage, lakini kila alichokishika alikiona kama hongo. Akaenda mkono mtupu.

Binti yake alikuwa fundi cherehani. Nyumba yao ilikuwa kwenye kichochoro cha mafundi, kati ya mtengeneza redio na muuza vioo, chumba cha mbele ni cha kazi, nyuma kuna ua mdogo wa saruji wenye kamba za kuanikia nguo. Mama Pacha alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, sinia la vifungo mapajani. Kilo alisimama mlangoni. Alikuwa amejiandaa kumkuta Njiti. Mwanamke aliyeinua uso alikuwa na mashavu, mikono imejaa, shingo laini isiyo na bonde hata moja. Jicho la Kilo lilimpima lenyewe kabla hajalizuia, likamletea kiasi, naye akakimeza.

"Baba Pacha," mama akasema. Hakuonyesha kushtuka. "Umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Basi kaa. Kiti hicho kina mguu mbovu, kaa taratibu."

Alikaa taratibu. Waliulizana hali. Aliuliza habari za mjukuu, akaambiwa yuko shule. Aliuliza habari za vifungo, akaambiwa ni vya sare za wanafunzi. Ndani, cherehani ilikuwa ikilia kwa mwendo wa kawaida. Kisha Kilo, aliyekuwa ametunga maneno yake njia nzima, akayapoteza yote na kuanzia pasipofaa.

"Kule shambani kulikuwa na majike fulani," akasema.

Alimweleza. Alieleza habari za chaki na kichochoro cha mbao, habari za daktari, za watoto waliobadilishwa, za yule wa madoa aliyechukua wawili. Akafika kwa lori. "Wale waliokonda," akasema, "kumbe ndio waliokuwa wakilisha. Na mimi nilikuwa nikiwaona ni mifupa."

Cherehani ndani ilikuwa imenyamaza. Mama Pacha alichagua kifungo, akakipitisha uzi, akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo umetoka huko kote," akasema, "umebadilisha magari, umechafua na shati, ili uje uniambie mimi ni kondoo."

Ndani mtu aliangua kicheko, kisha akajifanya anapiga chafya.

"Sikusema hivyo."

"Kwanza nilikuwa gunia. Sasa ni kondoo. Nashukuru. Napanda cheo."

Kilo alitaka kucheka, akaona hana haki hiyo. Alitazama mikono yake. "Nilikosea, Mama Pacha. Siku ile ya Jabali. Nilisema neno baya mbele ya watu."

"Siku ile ulikuwa umelewa sifa. Nilijua. Sikuondoka kwa sababu ya gunia."

"Uliondoka kwa sababu ya nini?"

Aliweka sindano chini. "Wageni walipoondoka tukarudi nyumbani. Nikakaa kitandani nikakungoja useme neno. Lolote. Ukavua viatu, ukasema chai ile ilikuwa na sukari kidogo."

Kilo hakukumbuka. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alijaribu kukumbuka na hakukuwa na kitu.

"Nikangoja na kesho yake," mama akaendelea, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Nikangoja mpaka siku ya kufunga mzigo. Nikaja huku, nikangoja. Kila kijana alipofika mlangoni nilisema moyoni, leo amemtuma. Kweli ulimtuma. Uliniletea habari za vumbi."

"Nilikuwa nataka urudi."

"Vumbi ndilo lilikuwa linataka nirudi."

"Rudi," Kilo akasema. Neno lenyewe lilimtoka kwa shida, dogo, kama kitu kilichokaa mfukoni miaka. "Rudi, Mama Pacha. Nyumba imekuwa..." Akajikata. "Si nyumba. Ni mimi ninayetaka."

Mama Pacha alimtazama kwa mara ya kwanza tangu alipoingia, akamtazama vizuri, na macho yake yakalainika hata Kilo akapata tumaini kubwa ambalo baadaye alitamani asingelipata.

"Neno hilo lingekuja mwaka ule," akasema, "ningerudi kwa miguu. Ningeacha hata viatu."

"Na sasa?"

"Sasa nimezoea kula nikiwa nimekaa."

Akalichukua tena sinia lake. Kwa mtengeneza redio sauti ya mtu ilikuwa ikipanda na kushuka, ikikatika, ikirudi. Kilo alikaa mpaka ikawa aibu kukaa zaidi, kisha akasimama, kiti kikayumba.

"Naweza kuja tena?"

"Hii ni nyumba ya mwanao. Muulize mwenyewe."

Binti yao alikuwa amesimama mlangoni, tepe ya kupimia shingoni, macho mekundu, haijulikani ni kwa kucheka au kwa nini. "Jumapili huwa tunafua, Baba," akasema. "Ukija, uje na mikono."

Aliporudi shambani, Kilo alikwenda mpaka kwa mchinjaji, akauliza kama kuna jike hata moja lililosalia, akarudi alivyokwenda. Alimweleza mwenye shamba kila kitu, yeye mwenyewe, daktari akiwa kando. Tangu hapo walianza kuyaangalia majike upya, kiwele kwanza na mtoto anayekifuata, mgongo baadaye. Lakini kundi la maziwa halitengenezwi kwa msimu mmoja. Wale majike watakaozaliwa na majike wadogo wa leo, watakaokuja kuwa mama wa kweli, watapitishwa kwenye kichochoro kile na mtu mwingine. Kilo alikuwa akikaribia kustaafu, na alilijua hilo vizuri kama alivyojua uzito wa kitu chochote.

Jumapili alikwenda. Na ile iliyofuata. Mama Pacha hakumwonyesha furaha wala chuki, alimwonyesha beseni. Siku moja walikuwa na blanketi zito, limekunywa maji hata mtu mmoja hawezi kulinyanyua. Mama akashika pembe mbili, Kilo akashika pembe mbili, wakarudi nyuma mpaka likakazana kati yao.

"Haya, zungusha," mama akasema.

Wakazungusha. Blanketi likajikunja kidogo, halafu likafunguka lote, likaning'inia vilevile.

"Unanifuata mimi," akasema. "Usinifuate. Zungusha kwako."

Kilo akazungusha kwake. Blanketi likajisokota kama kamba ya nanga, likakaza, na maji yakaanza kumiminika, kwanza ya sabuni, halafu masafi, yakatiririka kwenye saruji mpaka kwenye miguu yao wote wawili. Mama aliendelea kukaza hata maji yalipobaki matone. Kisha akalichukua blanketi lote mikononi mwake, akalipandisha kambani, akalinyoosha, akaenda upande wa pili kulivuta sawa, na kwa muda Kilo hakumwona, aliona vidole vyake tu juu ya kamba, vikisogea.

"Kuna mashuka bado," akasema kutoka huko.

Kilo akainama kwenye beseni kuyatafuta.